Nabisha Hodi kwa Mungu, Mbona Sisikii "Karibu"?

Swali: Shikamoo Baba Padri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chikongola, Mtwara mjini. Ninasali sana. Ijumaa nakesha na kikundi chetu, Jumatano nafunga, na kila asubuhi kabla sijakwenda sokoni naomba karibu saa nzima. Lakini Baba, naongea mimi tu. Wenzangu husema "Bwana ameniambia hivi, Bwana amenionyesha vile". Mimi sijawahi kuambiwa kitu. Sasa marehemu baba alituachia shamba la mikorosho kule Newala. Kaka yangu anataka tuuze, mimi sitaki, na toka arobaini ya baba hatujasemeshana. Miezi minne namwomba Mungu aniambie la kufanya, kimya. Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi kaniambia Bwana amemwambia niuze, tena niuze kabla msimu haujaanza. Nitajuaje kama ni Mungu? Na nifanyeje nimsikie mwenyewe?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti, nikiwa peke yangu barazani. Nimefurahi umeuliza. Wengi wenye swali kama lako hulificha. Wanaona aibu kukiri mbele ya wenzao kwamba wao hawajaambiwa kitu, kisha siku moja na wao huanza kusema "Bwana ameniambia" ili wasibaki nyuma.

Nikuondolee hofu moja mapema. Nimekuwa padri zaidi ya miaka 40 huku Masasi na vijiji vyake, nimesimamia mafungo hata hesabu imenipotea, na sauti ya Mungu sijaisikia kwa masikio haya hata siku moja. Kama huo ni ugonjwa, basi mimi na wewe tumelazwa wodi moja. Lakini nikisema Mungu hajawahi kuniambia kitu nitakuwa mwongo. Huko ndiko nataka tufike, polepole.

Tuanze na adabu. Kwetu mtoto hufundishwa hodi kabla hajajua kuvaa viatu. Unasimama nje, unaita, unangoja. Hakuna mwenye malezi anayeita hodi, akamwaga shida zake zote mlangoni, akasema "haya, asanteni," kisha akageuka kabla mwenye nyumba hajajifunga vizuri kanga akatoka. Lakini hebu ikague saa yako ya asubuhi kesho. Umeongea dakika ngapi, umenyamaza ngapi? Nikikisia, kimya chako chote ni kile cha kuvuta pumzi.

Bwana mwenyewe alituonya: "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Sisemi mkesha ni mbaya. Zaburi zina kelele za shangwe, matari na matoazi, na kuna kilio ambacho kisipotoka kwa sauti kitakupasua. Ila spika zikizidi, mwenye kuomba hajisikii hata yeye mwenyewe, sembuse kumsikia Mungu. Kumbuka Hana, yule mwanamke wa Biblia aliyemlilia Mungu ampe mtoto. Midomo yake ilicheza tu, sauti haikusikika, kuhani Eli akadhani amelewa. Akajibiwa. Na mtoto aliyepewa ndiye nataka awe mwalimu wako.

Fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 3. Inaanza kwa kusema neno la Bwana lilikuwa adimu siku zile. Adimu, kama sabuni na sukari miaka ya mwanzo ya 1980, watu wa rika langu wanakumbuka zile foleni. Kijana amelala hekaluni. Anaitwa. Anaamka na kukimbia kwa Eli: "Mimi hapa." Mara tatu. Sasa angalia jambo ambalo mahubiri mengi huliruka. Masikio ya Samweli hayana kasoro hata kidogo. Mara zote tatu amesikia, tena vizuri, tena ameitika haraka. Tatizo lake Biblia inalitaja wazi: "Samweli alikuwa hamjui Bwana bado, wala neno la Bwana lilikuwa halijafunuliwa kwake bado." Alisikia asijue ni nani.

Na kwa nini alikimbilia kwa Eli? Mimi nadhani ni kwa sababu sauti ile ilifanana na sauti ya mtu aliyemzoea. Haikuja na radi. Ingekuja na radi, asingekosea mara tatu. Basi huenda na wewe, mwanangu, umeshaitwa mara kadhaa, ukaamka ukakimbilia kwingine, ukidhani ni wazo lako tu, au ni dhamiri, au ni mama mkwe.

Aliyetambua kwamba ni Mungu anayeita ni Eli, mzee mwenye macho hafifu, ambaye watoto wake walikuwa wanapora nyama ya sadaka na nyumba yake imemshinda. Huyu huyu ndiye aliyemwona Hana mlevi. Unaona jinsi Mungu asivyochagua sana wasaidizi wake? Na ujumbe ulipokuja, ulikuwa mchungu; Samweli alilala mpaka asubuhi akiogopa kumwambia mzee yatakayoipata nyumba yake. Nalitaja hili kwa sababu lina kipimo ndani yake. Sauti ambayo kila siku inakubaliana na wewe, ishuku.

Mtu akikupigia kwa namba ngeni na mtandao unakatika-katika, kama unamjua, neno moja linatosha: unamtambua kwa namna anavyolivuta. Usiyemjua anaweza kujieleza dakika tano ukabaki unauliza, "Wewe nani mwenzangu?" Kumtambua Mungu anaponena kunakuja kwa njia hiyo hiyo, kwa kukaa sana na maneno ambayo ameshayasema. Ndiyo maana nasisitiza Biblia kabla ya kimya. Kimya kitupu kisicho na Neno ni nyumba wazi, atakayeingia humjui.

Sasa namna ya kukaa nayo. Hapa itabidi nikupeleke Ndanda.

Sisi Waanglikana wa Masasi asili yetu ni ile safari ya mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliposhuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani wakapanda kwa miguu hadi Masasi. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wapo Ndanda tangu 1906. Zamani kulikuwa na ushindani wa misheni na misheni, mambo ya wazee, tuyaache. Nilipokuwa kijana nilimpeleka mama yangu hospitali ya Ndanda, ikabidi ningoje siku kadhaa. Jioni moja nikaingia kanisani kwao nikawakuta watawa wanaimba zaburi. Kuimba sikushangaa, hata kwetu tulikuwa tunaimba. Kilichonishika ni mkato. Wanaimba nusu ya mstari, wanatulia kiasi cha pumzi moja, wote kwa pamoja, ndipo wanaimba nusu ya pili. Hakuna anayewahi. Nilikaa pale nikagundua kwamba mimi kila ninapofika katikati ya mstari tayari akili yangu iko mwisho wake.

Baadaye nilijifunza kwamba kanuni ambayo Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake huko Italia karne ya 6 inaanza kwa neno moja: Sikiliza. Mstari huo huo unaendelea kumwambia mtu ategee sikio la moyo wake. Kanuni nzima, ya kula, kulala, kulima, kupokea wageni, imening'inia kwenye neno hilo. Na kila siku ametenga saa za kusoma Maandiko taratibu. Miaka mia sita baadaye, mtawa wa Ufaransa aitwaye Guigo alikipanga kisomo hicho kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Alisema kusoma ni kutia chakula mdomoni, kutafakari ni kukitafuna, kuomba ni kuipata ladha yake, na huko kutulia ndiyo utamu wenyewe. Wazee wale walipenda pia mfano wa mnyama anayecheua. Wewe umeona mbuzi akilala kivulini mchana, majani aliyokula asubuhi anayarudisha mdomoni na kuyatafuna upya bila haraka. Fanya hivyo.

Tuseme una dakika 20. Saa yako nzima sikunyang'anyi. Zile 40 zinazobaki omba kama ulivyozoea. Amka mapema kidogo. Mimi nyumba yangu iko karibu na msikiti, na kwa miaka mingi adhana ya alfajiri ndiyo saa yangu ya kengele. Jirani yangu anakwenda kwake, mimi nakwenda kwangu. Kaa mahali pamoja kila siku, mgongo umenyooka, mkekani au kwenye kigoda, si kitandani. Simu iache chumba kingine. Najua Biblia yako iko ndani ya simu. Nunua ya karatasi. Simu ni mlango wazi wa soko, na siku utakayoifungua usome Yohana ndiyo siku itakapoingia picha ya harusi ya shoga yako.

Soma kipande kifupi, mistari mitano hadi kumi. Soma kwa sauti ya chini, masikio yako nayo yapate. Nyamaza kidogo. Soma tena. Mara ya pili au ya tatu utaona neno moja limekukwama, kama mwiba wa samaki. Pengine ni neno dogo, "wala" au "bado". Usiende mbele, usitafute maana ya Kiyunani, baki nalo. Lirudie. Jiulize kwa nini limekukwama leo, wakati mwaka jana ulipita juu yake. Kisha mwambie Mungu hilo ulilokutana nalo, kwa maneno machache, kama unavyomwambia mtu aliyekaa karibu. Halafu acha kuongea.

Hapo ndipo pagumu. Dakika ya kwanza utakumbuka deni la ada. Ya pili, kwamba hukuloweka maharage. Ya tatu utaanza kujipima kama unasikiliza vizuri, na hilo nalo ni kelele. Usipigane na mawazo hayo. Kuku wakiingia uani huwafukuzi kwa kuangusha nyumba. Unawaswaga tu, wanarudi, unawaswaga tena. Uwe na sentensi fupi ya kurudia unapogundua umetoka. Mimi natumia ile ambayo Eli alimfundisha Samweli: "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Ukirudi mara thelathini ndani ya dakika kumi, umesali mara thelathini. Ukisinzia, umesinzia mbele za baba yako. Kesho jaribu tena, na usiku lala mapema.

Watu huniuliza, "Katika kimya hicho nifanye nini ili Mungu aseme?" Mwanangu, wewe ni mtoto wa mkulima wa korosho. Baba yako alichuma korosho juu ya mti? Ukiivuta ikiwa mbichi huna kitu. Korosho ikikomaa inadondoka yenyewe, na bibo lake, lile tunda laini, wewe kazi yako ni kuokota. Lakini je, kabla ya msimu alikaa tu? Alipalilia chini ya mti, akafagia majani, pakawa peupe, maana korosho ikidondokea kichakani unaikanyaga usiione. Kimya cha asubuhi ni kupalilia chini ya mkorosho. Hakiangushi kitu. Kinasaidia kuona kilichoanguka, na mara nyingi hakianguki saa ile ulipokaa. Kinaanguka saa nne ukiwa sokoni unapanga nyanya, ghafla lile neno la asubuhi linakutana na sura ya mteja aliyesimama mbele yako.

Na mengine utayaelewa baada ya miaka. Ukitokea Newala huhitaji kufundishwa hili. Katika unyago mwali huinamisha kichwa na kunyamaza, anaimbiwa nyimbo za mafumbo ambazo siku ile hazielewi nusu yake. Anakuja kuzielewa akiwa ameolewa, wimbo mmoja unafunguka siku ya kujifungua, mwingine siku ya kugombana na mawifi. Wazee wetu walijua kuna elimu inayoingia kwanza na kueleweka baadaye. Askofu William Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, nadhani aliliona hilo, maana jando aliliingiza ndani ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku kama wengi walivyotaka.

Basi kinachodondoka kinafananaje? Kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni mstari unaogoma kuondoka. Au ni jina la mtu linalojirudia hata uamue kumtembelea, ukifika unamkuta amelala na homa siku tatu hana wa kumchotea maji. Au ni uzito usioeleweka juu ya jambo ambalo kila mtu anasema ni zuri. Au ni utulivu unaobaki hata baada ya habari mbaya. Na mara nyingine ni swali. Nabii Eliya alipofika mlima Horebu, baada ya upepo, tetemeko na moto, ikaja sauti ndogo, ya utulivu, na ikamuuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Kasafiri siku 40 kutafuta jibu, kapewa swali, tena lile lile aliloulizwa kabla ya upepo kuvuma.

Litakuja pia kosa lako ulilolisahau. Hapa jifunze kutofautisha. Roho Mtakatifu akikuonyesha dhambi anataja jambo mahususi, na anakuonyesha pa kutokea: ulimdanganya fulani kwenye hesabu, mrudishie. Yule mshitaki, Shetani, anatwanga jumla: wewe hufai, sala zako ni bure, wenzako wameambiwa wewe umeachwa. Maneno ya namna hiyo, kwa barua yako, naona umeyasikia sana miezi hii. Hayakutoka kwa Baba yako.

Nije kwa mama wa kikundi chako. Kabla sijamgusa, nijitaje mimi. Miaka ya mwanzo ya upadri nilimwombea mtoto mgonjwa, nikajisikia moto kifuani, nikamwambia mama yake mbele ya watu kwamba Bwana amenionyesha mtoto atapona. Tulimzika Jumatano. Mama yule hakunilaumu kwa neno hata moja, aliniandalia chai baada ya mazishi, na chai ile ninayo kooni mpaka leo. Moto wa kifuani ulikuwa wa kweli. Ulikuwa upendo wangu kwa yule mtoto, na hofu yangu, na kidogo, niseme ukweli, hamu yangu ya kuonekana mtu wa Mungu. Nikaubandika jina la Bwana. Toka siku hiyo sentensi "Bwana ameniambia" nimeifuta katika maneno yangu. Nasema, "Nimekuwa nikiliombea jambo lako, nimejiwa na wazo hili, lipime."

Kwa hiyo simhukumu. Anaweza kuwa anakupenda na anaona unavyoteseka. Lakini soma Wafalme wa Kwanza sura ya 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameagizwa asile wala asinywe mahali pale. Nabii mzee wa Betheli anamfuata njiani na kumwambia, mimi nami ni nabii kama wewe, malaika amesema nami, rudi ule kwangu. Biblia inasema alikuwa anadanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Habari ngumu, siku ya kuihubiri wengi wetu huchagua somo lingine. Ila inafundisha kwamba neno la mwenzako, hata awe mzee, hata ataje malaika, halifuti wajibu wako wa kumsikiliza Mungu mwenyewe. Halafu soma Matendo 21. Huko watu ni wa kweli na Roho ni wa kweli. Wanafunzi wa Tiro, kwa Roho, wanamwambia Paulo asiende Yerusalemu, Agabo naye anatabiri atafungwa, Paulo anashikilia kwenda, na mwisho wote wanasema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Waliyoyaona yalikuwa sahihi, minyororo ilikuwepo. Ushauri wa kubaki waliuongeza kwa mapenzi yao.

Kinachonishitua zaidi katika ujumbe ule ni haraka yake. "Kabla msimu haujaanza." Wewe unaijua kangomba: mtu anakuja wakati huna unga ndani, maua bado yako mtini, anakupa bei ya kutupa kwa korosho ambayo ungengoja mnada ingekupa heshima. Anachokinunua hasa ni shida yako. Kuna na kangomba ya kiroho. Mungu anaweza kusema "ondoka leo", alimwambia Yusufu usiku akamchukua mtoto na mama yake wakakimbilia Misri. Lakini hapo kulikuwa na upanga wa Herode. Shamba la mikorosho halikimbii. Neno la Mungu linavumilia kupimwa, na Paulo anatuamuru tupime: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema."

Kipimo kimoja nimekitumia kuliko vyote. Mwaka 1521 askari mmoja Mhispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga wa adui kule Pamplona, akalala kitandani miezi. Alipitisha muda kwa ndoto za mchana. Akiwaza fahari za vita na mabibi wakubwa alifurahi sana, lakini wazo likipita alibaki mkavu. Akiwaza kuishi kama watakatifu alifurahi pia, na furaha ile ilibaki hata wazo limekwisha. Akaanza kuangalia kinachobaki. Sisi wa huku tungesema wazo lingine ni kama bibo: tamu mdomoni, halafu koo linakereketa. Chukua wazo la kuuza. Kaa nalo siku tatu kana kwamba umeshaamua, ulale nalo, uamke nalo. Kisha siku tatu nyingine kana kwamba umeamua kutouza. Andika kwenye daftari, mstari mmoja kila jioni, kilichobaki kooni. Inyasi huyo huyo anakataza kubadilisha uamuzi ukiwa katika giza la moyo. Ukiwa na malaria, ukiwa umegombana, ukiwa hujalala kwa sababu ya mkesha, usiamue.

Haya mengine ni ya kawaida lakini niyaseme. Shamba la marehemu ni mirathi. Kama hamjateua msimamizi kupitia mahakama, hakuna wa kuuza wala wa kukataa kuuza, na hakuna sauti ya mbinguni itakayojaza fomu hiyo.

Mwisho nirudi kwenye barua yako. Nilikuambia nimeisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza niliona shamba. Mara ya tatu, kwa sauti, nikakwama mahali. Umeandika, "na toka arobaini ya baba hatujasemeshana," ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Miezi minne unamwomba Mungu neno. Na yeye ana neno ambalo alishalisema zamani, liko katika Mathayo 5: "ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Ndugu yako ana neno. Unangoja moja kutoka mbinguni na lingine liko Newala.

Sijui kama kaka yako ana haki. Pengine ana deni anaona aibu kulitaja. Pengine ni tamaa tu. Wala kupatana si kukubali kuuza. Lakini nina swali, na kwa kuwa mimi si Mungu naliuliza wazi: mwaka huu nani anapuliza salfa kwenye ile mikorosho? Maua yanatoka, ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, haujali nyinyi mmenuniana. Kama jibu ni hakuna, basi mna jambo la kuongea ambalo halihitaji maono, na mnaweza kuanzia hapo bila kugusa habari ya kuuza.

Wiki hii soma Samweli wa Kwanza 3 kwa siku tatu, mistari kumi ya kwanza tu, kisha Zaburi ya 139. Ukifika pale inaposema "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu," tulia hapo muda mrefu kuliko unavyopenda. Yule mama wa kikundi mwambie kwa upole umelipokea neno lake na unalipima. Kama ni mtu wa sala hatachukia. Usiniandikie tena kabla ya wiki sita. Basi za Newala zipo kila asubuhi.

Nisalimie kaka yako.